Bastola ndogo ya kubeba kwa siri: usianze na mfuko wa sare

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni nesi msaidizi hapa Houston, nilikuja kwa grini kadi miaka minne iliyopita. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Maegesho yetu yana giza, na mwezi uliopita mwenzetu aliporwa mkoba akienda kwenye gari lake. Kaka yangu ananishauri ninunue Ruger LCP, ile ndogo kabisa, kwa sababu inaingia kwenye mfuko wa sare na hakuna atakayeiona. Nina dola 400, mikono yangu ni midogo, nina watoto wawili wa shule, na sijawahi kushika silaha maishani. Ninunue ipi?*

Marahaba, dada. Pole sana kwa yaliyomkuta mwenzenu.

Kaka yako hakukosea kuhusu bastola yenyewe. LCP ni bastola nzuri kwa kazi yake. Alipokosea ni mahali pa kuanzia: ameanza na mfuko, tena mfuko wa sare ambayo hutaruhusiwa kuivaa kazini ukiwa na bastola ndani yake.

Sheria ya Texas inazitaja hospitali na nyumba za wazee zenye leseni miongoni mwa majengo ambayo huingii na silaha mpaka uwe na idhini ya maandishi ya wenye jengo. Sijawahi kumwona nesi aliyepewa idhini hiyo. Upande wa pili, sheria ya kazi ya Texas inamruhusu mfanyakazi mwenye silaha halali kuiacha ndani ya gari lake mwenyewe, limefungwa, kwenye maegesho ya mwajiri. Kwa hiyo siku yako itakuwa hivi: unafika saa tisa kasoro, jua linawaka, bastola umeshaivua na kuifungia garini, unaingia kazini. Saa tano usiku unatoka, giza totoro, unatembea kuelekea gari. Na bastola iko wapi? Iko garini, inakusubiri. Ile njia uliyoniandikia kwa ajili yake ndiyo utakayoitembea mikono mitupu.

Nimeliandika hili juu kabisa kwa sababu nimeona watu wakinunua silaha kwa hofu ya mahali fulani, halafu wanagundua kwamba hapo ndipo silaha haiendi. Kwa ile njia ya usiku, fanya mambo yasiyo na mtutu. Kwenye mapumziko ya jioni, kabla jua halijazama, toka usogeze gari chini ya taa karibu na mlango. Magari ya zamu ya mchana yameshaondoka, nafasi zipo. Tokeni wawili wawili. Kama kuna mlinzi, mwombe awasindikize, hiyo ni kazi yake wala si fadhila. Ulizia kama mwajiri anakubali kopo dogo la pilipili ya kupuliza. Na wote kwa pamoja mwandikieni meneja kuhusu taa, kwa maandishi, maana barua ina tarehe.

Baada ya hapo, kama bado unataka bastola kwa ajili ya nyumbani, garini, kituo cha mafuta na safari zako za kawaida, mimi sikukatazi. Lakini sasa umeona kwamba huko kote hutakuwa umevaa sare yenye kamba kiunoni. Utakuwa na jinzi na mkanda, au gauni, au dera. Hitaji la bastola ndogo kupita zote limeondoka, na hapo ndipo tunaweza kuchagua kwa akili.

Bastola yangu ya kwanza ya kubeba ilikuwa ya aina hiyohiyo anayokusifia kaka yako: ndogo, nyepesi, bei ya chini. Dukani niliipenda kama mtoto anavyopenda saa mpya. Siku ya kwanza uwanjani nilinunua boksi la risasi 50. Kufikia ya ishirini, ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imeiva. Kufikia ya arobaini nilikuwa nafumba macho kabla ya kubonyeza, na karatasi yangu, iliyokuwa yadi 7 tu, ilionekana kama imepigwa na mtu mwingine kila mara. Sikumaliza boksi. Na hapo nilikuwa nimeshapiga bunduki miaka kadhaa.

Kilichotokea hakina siri. Risasi ikitoka mbele, bastola inasukumwa nyuma, na kadiri bastola ilivyo nyepesi ndivyo teke linavyofika mkononi kwa ukali. LCP ya mwaka 2008 ina uzito wa gramu 270 hivi bila risasi. Kopo la soda lililojaa linaizidi. Mtutu wake ni inchi 2.75, mpini unashikwa kwa vidole viwili huku cha tatu kikining'inia, na kilengeo kwenye matoleo ya kwanza ni kinundu kidogo tu juu ya chuma. Triga yake, kile kifyatulio cha kidole, ni ndefu na nzito kwa makusudi, maana inabebwa mfukoni. Kila kitu kilichofanywa ili ifichike vizuri kimefanya iwe ngumu kupigwa vizuri. Mimi naiita bastola ya mtu mzoefu, aliyeshapiga maelfu ya risasi na anajua anachokipoteza. Anayeanza nayo hufanya mazoezi mara mbili, anachukia, anaitupa droo ya juu, na tangu siku hiyo anacho chuma asichokiweza.

Kuna na hili la kukwama. Slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na kurudi, inahitaji mkono ulio imara ili isukume dhidi yake. Kifundo cha mkono kikilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi, ganda halitoki sawasawa, risasi inayofuata haiingii. Kwenye bastola kubwa kuna nafasi ya kusamehewa. Kwenye ndogo kabisa, msamaha ni kidogo, na mgeni wa silaha huishia kusema bastola ni mbovu.

Suala la risasi lenyewe nitalipitia haraka, kwa sababu wanaume wakikaa kijiweni wanaweza kulibishania mpaka alfajiri. Utasikia majina mawili, .380 na 9mm. Upana wa risasi ni uleule. Tofauti ni ganda, milimita 17 kwa .380 na 19 kwa 9mm, na baruti iliyomo ndani. Ya 9mm ina nguvu zaidi na risasi zake za mazoezi ni nafuu zaidi. Hapo wengi hushangaa, kidogo ndicho chenye bei kubwa, lakini ni kwa sababu 9mm inatengenezwa kwa wingi mno. Baada ya mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambako maofisa wawili wa FBI waliuawa, shirika hilo liliweka vipimo vyake: risasi ya kujilinda ipenye inchi 12 hadi 18 kwenye jelatini maalumu inayoiga nyama ya mwili. Risasi nyingi za 9mm zenye tundu kichwani, linalozifanya zipanuke zikigonga, hufaulu hapo. Za .380 kutoka kwenye mtutu mfupi mara nyingi huchagua moja: ama zinapanuka na kuishia njiani, ama zinapenya bila kupanuka. Kwa mtu anayeweza kuidhibiti 9mm, basi achukue 9mm. Lakini mimi namchukua anayepiga .380 mahali alipolenga kuliko anayepiga 9mm ukutani.

Sasa mikono. Umeniambia ni midogo, hukuniambia kama ina nguvu, na swali langu la kwanza kwa mwanafunzi yeyote ni je, unaweza kuikoki, yaani kuirudisha slaidi nyuma na kuiachia ili risasi iingie? Acha nikusimulie. Nilikuwa na mama mmoja wa Bukavu, mshonaji, amepita miaka sitini, vidole vyenye ugonjwa wa viungo. Nikampa 9mm ndogo ya kisasa, haina risasi. Akaishika slaidi kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayefungua chupa ya bia kwa kujificha, akavuta. Wapi! Akaniangalia kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyeshindwa. Nikamwambia mama, usivute, sukuma. Mkono wa kulia na bastola vije karibu na kifua, mdomo wa mtutu ukielekea kwenye shabaha muda wote. Kiganja cha kushoto kifunike slaidi kwa juu, vidole vinne upande mmoja, kitako cha kiganja upande wa pili. Kushoto kukaze tu, kulia ndiko kupige ngumi kwenda mbele, kisha uachie ghafla, usiisindikize slaidi kurudi. Mara ya kwanza ilienda nusu. Ya tatu ikalia *kraa* na mama akacheka kwa sauti mpaka wa meza ya jirani akageuka. Hata hivyo, kwa ile 9mm alifaulu mara moja katika kila tatu. Nikampa Smith & Wesson M&P 380 Shield EZ. Kumi kwa kumi.

Hiyo Shield EZ ilitoka mwaka 2018, na ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo hasa: springi laini, slaidi rahisi, mpini wenye kitufe nyuma kinachozuia triga mpaka uushike sawasawa. Inabeba risasi 8 kwenye magazini, lile kasha la risasi linaloingia ndani ya mpini. Uzito wake ni zaidi ya gramu 520, sawa na chupa ya maji ya nusu lita, na uzito huo ndio unaomeza teke. Bastola za EZ zilizotengenezwa kati ya Machi na Oktoba 2020 ziliitwa na kiwanda zirudishwe kwa sababu ya kasoro kwenye nyundo, kile kipande cha ndani kinachogonga ili risasi ilipuke, kwa hiyo ukikuta mtumba, namba ya bastola iingize kwenye tovuti ya kiwanda kabla hujatoa hata senti. Mwenzake ni Ruger Security-380 ya mwaka 2023, wazo lilelile la slaidi laini, magazini ya risasi 10 na ya 15, gramu 560 hivi. Madukani nimekuwa nikiiona kwenye dola 300 na kitu, na hiyo ndiyo ningekuwekea mezani ya kwanza, kwa mfuko wako na kwa mikono uliyonielezea.

Kama mikono inaweza 9mm, mlango ni mpana zaidi, na una bahati ya kuja wakati huu. Hadi mwaka 2017, bastola nyembamba ya 9mm ilibeba risasi sita au saba, basi. Januari 2018 SIG Sauer wakaleta P365: ukubwa uleule, risasi 10. Ujanja uko kwenye magazini, ambayo chini ina safu mbili zinazobanana kuwa moja kadiri zinavyopanda. Wengine wote wakakimbizana: Springfield wakatoa Hellcat mwaka 2019, halafu 2021 ikawa kama msimu wa mavuno, Shield Plus, Ruger MAX-9, Taurus GX4. Hizo mpya za juu zinaivuka bajeti yako, lakini faida yako iko nyuma yao. Walionazo za zamani, kama ile Shield ya kwanza ya Smith & Wesson ya mwaka 2012, waliziuza, na zimejaa kwenye makabati ya mitumba zikiwa zimefyatua risasi mia mbili tu maishani mwao. Bastola ya mtumba si kama gari la mtumba. Watu wengi hununua, wanaibeba kidogo, wanachoka.

Kwenye mpya za bei ya chini, utaoneshwa Ruger EC9s na Taurus G3C, mara nyingi chini ya dola 300. EC9s ni nyembamba, risasi 7, teke lake ni kali kiasi. G3C ni nene kidogo, risasi 12, na kwa sababu ya unene huo inapigika vizuri kuliko bei yake. Taurus ni ya Wabrazili, wana kiwanda Bainbridge, Georgia. Wapo wanaoidharau. Mimi nimewaona wanafunzi wakifaulu nayo, na nimeona moja mbili zikirudishwa kiwandani. Ipige vya kutosha kabla hujaiamini, ndivyo ningesema. Hi-Point C9 utaiona kwa bei ya viatu vya michezo. Inafanya kazi, ila inakaribia gramu 820 na umbo la tofali. Huwezi kuificha hata ndani ya koti la baridi, na Houston koti lenyewe unalivaa wiki mbili.

Rivolva, ile bastola yenye silinda inayozunguka, kama Smith & Wesson 642 ya risasi tano, watakuambia ndiyo ya wanawake. Sijui nani alianzisha hadithi hiyo. Ni rahisi kueleweka, haina slaidi ya kukoki, lakini triga yake inahitaji kidole chenye nguvu, na kwa sababu ni nyepesi, risasi yake ya .38 Special inaupiga mkono teke baya. Kwa mkono mdogo usiozoea, ndiyo ya mwisho kwenye orodha yangu.

(Ukijiuliza kwa nini Glock, kampuni ya Austria, bastola yake ndogo ya .380, Glock 42 ya mwaka 2014, inaitengenezea Georgia: chini ya sheria ya mwaka 1968 iliyokusudia kuzuia vibastola vya bei chee kutoka nje, bastola hupewa alama kwa ukubwa, uzito na vifaa vyake, na ndogo mno haifikishi alama za kuingizwa nchini. Ya kutengenezwa ndani haipimwi hivyo. Wanafunzi wangu hudhani ni utani.)

Usinunue yoyote kati ya hizi kabla hujaipiga. Viwanja vingi vya shabaha hukodisha bastola kwa dola kumi au kumi na tano, risasi juu yako. Kodisha tatu siku moja: Security-380, Shield EZ, na moja ya 9mm. Hata LCP ikodishe, ili ukimjibu kaka yako uwe na ushahidi. Piga risasi kumi kila moja, polepole, kwa yadi 5. Utakayotaka kuendelea kuipiga baada ya kumi ndiyo yako. Nenda na mwenzako lakini, kwa sababu viwanja vingi havimkodishi mtu mgeni aliyekuja peke yake. Wameshaona watu wakija kujidhuru.

Nimefika kwenye ala, yaani mfuko wa kuvalia bastola, na hapa nitasimama kidogo kwa sababu ndipo penye makovu. Ile bastola yangu ya kwanza niliibeba mfukoni bila ala, pamoja na funguo. Siku moja nimeketi kwenye gari, natoa funguo, nikahisi kitu kimeng'ang'ania. Pete ya funguo ilikuwa imeingia ndani ya kikingio cha triga. Risasi ilikuwa chemba, yaani ndani ya mtutu, tayari kufyatuka. Nilikaa pale dakika kumi, mikono juu ya usukani, jasho linatoka kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Tangu siku hiyo, mwanafunzi akiniambia ala ni mbwembwe, namwambia arudi nyumbani.

Ala nzuri ni ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa modeli hiyohiyo, si ya kitambaa cha saizi zote. Inafunika triga yote kabisa. Ukiigeuza juu chini na bastola tupu ndani, haidondoki. Inabaki wazi mdomo wake ukitoa bastola. Inavaliwa ndani ya suruali, kwenye mkanda wa kweli, ule mnene usiokunjika, na hapo bastola ya gramu 560 hutaisikia kama unavyodhani. Kwa gauni au dera kuna mikanda maalumu ya kufunga tumboni yenye ala ngumu ndani yake. Ile ya lastiki tupu, isiyo na plastiki kwenye triga, iache dukani. Mkoba wa mkononi siupendi. Mwenzenu aliporwa nini? Mkoba.

Na kwa sababu bastola yako italala garini wakati wa zamu, zingatia namna ya kuiweka. Usiichomoe bastola kwenye ala. Vua ala nzima na bastola ndani yake, kama kitu kimoja, triga ikiwa imefunikwa, uiingize kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli kilichofungwa kwa waya wa chuma kwenye miguu ya kiti. Vinauzwa dola 30, 40. Fanya hivyo kabla hujafika maegesho ya kazini, pembeni mahali pengine, ili asiwepo wa kukutazama ukiinama. Kisanduku cha mbele cha gari si sefu, mwizi anakifungua kwa bisibisi. Tena usiwe na mazoea ya kuitoa risasi chemba kila siku na kuirudisha ileile. Kila inapogonga njia ya kuingilia, kichwa cha risasi kinasogea ndani ya ganda kidogokidogo, na risasi iliyozama hivyo hupandisha shinikizo hatari.

Sasa hesabu. Dola 400, ukinunua bastola ya 400, umenunua nusu ya kitu. Bastola 300. Ala 60. Kisanduku cha gari 40. Hapo zimekwisha, na bado risasi: za mazoezi 200 kwa uchache, ambazo kwa .380 zinaweza kula dola 70 au 80, na boksi la za kujilinda, ambazo huja karibu dola moja kila moja. Bado kodi ya dukani. Bado masomo. Ningekuwa wewe ningesubiri mishahara miwili, au ningekwenda mtumba wa 230. Bei hizi ndizo nilizozizoea na hupanda hushuka, ila uwiano haubadiliki sana: bastola ni nusu ya gharama.

Kuhusu karatasi, kwa sababu wewe ni mhamiaji, soma taratibu. Mwenye grini kadi ananunua kama raia. Dukani utajaza Fomu 4473, utaandika namba yako ya uhamiaji, utaonesha kitambulisho cha Texas chenye anwani unayoishi leo, na watakagua jina lako kwenye mfumo wa FBI. Uwe na miaka 21. Wenzetu wenye viza ya masomo au ya matembezi hawaruhusiwi kabisa, isipokuwa kwa vijitundu vichache kama leseni ya uwindaji, na mtu asikutume umnunulie. Kununua kwa jina lako silaha ya mwingine ni kosa la shirikisho, hata kama ni binamu na amekupa pesa zake. Fomu hiyo inauliza pia kuhusu bangi, na inakuonya kwamba hata kama jimbo limeihalalisha, shirikisho halijali. Hukumu ya ugomvi wa nyumbani, hata ndogo, inakufungia mlango.

Na jambo ambalo muuzaji hatakuambia: kwa asiye raia, kupatikana na hatia ya kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini, iliyoandikwa kwenye sheria ya uhamiaji. Raia analipa faini anarudi nyumbani. Wewe unaweza kurudi nyumbani kwa ndege. Mimi ni mkufunzi, si wakili. Zungumza na wakili wako wa uhamiaji nusu saa kabla ya kununua, hasa kama unakaribia kuomba uraia.

Ndiyo maana nakusihi uchukue leseni ya Texas, ijapokuwa tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu mwenye sifa anaweza kubeba bila leseni. Watu wanasema ya nini basi? Una watoto wa shule. Sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, hata garini ukipita tu, labda iwe haina risasi na imefungiwa. Aliyepewa leseni na jimbo hilohilo anasamehewa. Ukiwapeleka watoto asubuhi na bastola kiunoni bila leseni, umeshavunja sheria ya shirikisho kabla ya saa mbili, na ni kosa la silaha, rejea aya iliyopita. Leseni ni dola 40 kwa serikali na darasa la siku moja, na kupiga risasi 50 kwa yadi 3, 7 na 15. Unahitaji pointi 175 kati ya 250. Karibu kila mwanafunzi anayefanya mazoezi anafaulu. Leseni hiyo inakubaliwa na majimbo mengi ya jirani, ila ukienda kumtembelea dada New Jersey au Illinois, hesabu kwamba huna leseni.

Nyumbani, bastola iwe ama mwilini mwako ama kwenye sefu. Hakuna mahali pa tatu. Juu ya kabati si sefu, watoto wanapanda viti, nawajua wangu. Texas ina kosa la kumwachia mtoto wa chini ya miaka 17 njia ya kuifikia silaha yenye risasi. Nunua sefu ndogo ya kufungua kwa vitufe, uifunge kwa skrubu kando ya kitanda, na namba uijue wewe peke yako.

Ukishaipata, usiibebe wiki ya kwanza. Mazoezi kwanza: risasi 200 bila kukwama, pamoja na boksi zima la zile za kujilinda, kwa sababu zina kichwa tofauti na bastola nyingine huzikataa. Vaa ala nyumbani bastola ikiwa tupu, pika, inama, mbebe mtoto. Usipoiona kwenye kioo na usipoigusa kila dakika mbili, uko tayari.

Jambo la mwisho, kwa kuwa najua Desemba mtakwenda nyumbani. Begi unalolipeleka uwanja wa shabaha lisiwe kamwe begi la safari. Risasi moja iliyojificha kwenye mshono wa mfuko, ile uliyoiokota ukaisahau, hapa kwenye uwanja wa ndege inakupa maelezo na faini. Kule kwetu, Tanzania ina sheria yake ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 na Kenya ina yake, na afisa wa Kilimanjaro hatataka kusikia habari za Texas. Nunua begi la rangi nyingine kabisa. Langu ni la chungwa.